Pointi za Kumpeleka Mama

Benitha Akankwasa alikuwa muonjaji wa kahawa, na ulimi wake ndio uliompandisha ndege. Mimi nilikuwa nikikaanga sampuli kwenye chumba hicho hicho, kiwandani kwetu Kayanga, kwa hiyo mengine katika haya niliyaona kwa macho yangu na mengine alinisimulia mwenyewe tukiwa tunasubiri maji yachemke. Chama chetu cha ushirika kilikuwa kimeanza kuuza kahawa moja kwa moja kwa wanunuzi wa nje, na wanunuzi wa nje wanataka waletewe sampuli na mtu wa kuwaeleza kilichomo kikombeni. Basi kila palipokuwa na maonesho, Benitha alifunga mizigo. Leo Dubai, mwaka mwingine Hamburg, mwaka mwingine Seoul.

Kwao ni Isingiro, kule Kyerwa, kwa wafugaji. Baba yao alishafariki. Mama yao, Ma Kyomuhendo, alikuwa amebaki kwenye boma na mwanawe wa kiume, Elpidius, ambaye ndiye aliyeshika ng'ombe. Kitinda mimba, Ninsiima, alikuwa Kanada. Alikwenda kusoma, akamaliza, akapata kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee jijini Toronto. Alikuwa ameomba ukazi, na maombi yake yalikuwa bado hayajajibiwa. Aliwahi kumweleza dada yake hivi: "Nikitoka nje ya nchi kabla ya majibu, naweza nisirudi tena. Kazi itapotea, na miaka yote hii itakuwa bure." Kwa hiyo hakuja. Hakuja kumzika baba. Hakuja Elpidius alipooa. Tulizoea kumwona kwenye simu, sura imekatika katikati mtandao ukigoma.

Habari ya pointi ilianzia uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, Benitha akiwa kwenye safari yake ya pili. Alifika kaunta, akatoa pasipoti, na dada aliyekuwa akipokea mizigo akamuuliza, "Una namba ya uanachama? Pointi zako nikuwekee Korongo au Mwezi?"

Benitha akadhani anaulizwa kiti. Akasema popote tu, mradi asikae karibu na choo.

Nyuma yake kwenye foleni alisimama mwanaume mfupi mwenye koti la ngozi, akaanza kucheka kwa chini. Alikuwa Theoneste Mutabazi, muuza vipuri vya pikipiki wa Murongo. Pale mpakani hakuna bodaboda asiyemfahamu, maana akikwama tairi au mnyororo lazima apite kwake. Familia yake ilitoka Rwanda enzi za babu yake, na yeye alizaliwa hapa hapa. Kila mwaka alikuwa akienda China kufuata mzigo. Alimsalimia Benitha kwa Kinyambo, akafurahi kama mtu aliyemkuta jirani yake porini. Walipopita ukaguzi wakakaa pamoja.

"Dada yangu, safari ya kwanza umeshaipoteza," alimwambia. "Hii usiipoteze. Kila unaporuka, shirika linakuandikia pointi. Zikijaa, unapewa tiketi bila kulipa."

"Bila kulipa kabisa?"

"Unalipa kodi kidogo. Tiketi yenyewe ni bure. Mke wangu nimempeleka Dubai kwa pointi."

Alimfafanulia. Shirika lenye picha ya korongo mkiani, ambalo chama chetu kilikuwa kikikata tiketi zake kwa kuwa ni rahisi, lilikuwa na klabu yake ya wasafiri. Lakini lilikuwa na urafiki na shirika lingine, lile la Mwezi, ambalo nalo lilikuwa na klabu yake. Ukiruka na Korongo unaweza kuomba pointi ziandikwe Korongo au ziandikwe Mwezi. Huwezi kuandikisha kote kuwili. Na zikishaandikwa upande mmoja, hazihami.

"Sasa wewe unaandikisha wapi?" Benitha akauliza.

"Korongo. Mimi safari zangu ni za China na Dubai. Lakini usinifuate mimi. Jiulize kwanza unataka kumpeleka nani, na wapi."

Hilo swali ndilo lililomkaa. Aliniambia kwamba ndege ilipokuwa inapaa hakuwaza maonesho hata kidogo. Alimwaza mama yake akishuka Toronto, amevaa kitenge chake cha Pasaka, na Ninsiima akimkimbilia.

Aliporudi alikwenda Isingiro moja kwa moja kabla ya kufika kazini. Akawakuta mama na Elpidius kwenye kivuli cha nyumba, mama akisafisha vibuyu vya maziwa kwa moshi. Akawaeleza. Elpidius alisikiliza akiwa amejiegemeza kwenye fimbo yake, halafu akauliza, "Hizo pointi zinakaa wapi?"

"Kwenye kompyuta za shirika."

"Wewe huzishiki?"

"Naona namba tu."

Ma Kyomuhendo akageuza kibuyu, akakinusa. "Ni kama ng'ombe uliyempeleka kwenye zizi la mtu," akasema. "Ni wako, lakini anayemkama ni mwingine. Mwenye zizi akiwa mtu wa haki utamwona ndama wako. Asipokuwa mtu wa haki utaambiwa amekufa."

"Hawa ni watu wa haki, mama. Ni kampuni kubwa."

"Sijasema si watu wa haki. Mimi siwajui."

Walimpigia Ninsiima, kwake ilikuwa asubuhi anajiandaa kwenda kazini. Alipoelewa akasema kwa sauti ndogo, "Dada, unaweza kweli?" Benitha akamjibu kwamba anaweza, itachukua muda tu.

Ikabaki kuchagua. Wiki kadhaa chumba chetu cha kuonjea kiligeuka baraza la mashirika ya ndege. Benitha alikuwa akitema kahawa, anaandika maksi, halafu anarudi kwenye hesabu yake. Ukiandikisha Korongo unapata pointi zote za safari. Ukiandikisha Mwezi, kwa zile tiketi za bei ya chini tulizokuwa tukikatiwa, unapata kama nusu. Mtu yeyote angesema Korongo. Lakini Korongo walirukia Dar es Salaam, na Toronto hawakufika. Ungeshushwa Ulaya utafute ndege nyingine. Mwezi walirukia Entebbe, unabadilisha ndege mara moja tu, unafika Toronto.

Kwa mtu wa Isingiro, Entebbe ni hapo. Unavuka Murongo asubuhi, unashika njia ya Mbarara, jioni uko Entebbe. Dar es Salaam ni nchi nyingine. Na Ma Kyomuhendo alikuwa na magoti mabovu. Akikaa kwenye gari muda mrefu anashuka amebebwa.

Aliniomba ushauri. Nikamwambia achukue penye pointi nyingi, barabara ya Dar tutajua mbele ya safari. Elpidius alisema vivyo hivyo kwenye simu. Theoneste hakutaka kusema. "Nikikushauri vibaya utanichukia kila ukipita dukani kwangu," alisema. Ninsiima alisema, "Chochote utakachochagua, dada." Ikawa mzigo umemrudia mwenyewe.

Siku moja alifika kazini akaniambia, "Nimeandikisha Mwezi. Mama hawezi kufika Dar."

Sikuona kosa lolote katika uamuzi ule. Hata leo sioni.

Kuanzia hapo safari za Benitha zikawa na maana mbili. Meneja akimwambia kuna maonesho, anauliza njia kwanza. Penye ndege moja ya moja kwa moja na ndege mbili za kuzunguka, aliomba za kuzunguka, kwa kuwa zina pointi zaidi. Alilala kwenye viti vya viwanja vya ndege nchi ambazo hakuwahi kuona zaidi ya vioo vyake. Akirudi anafungua simu kuona kama zimeingia. Nyakati nyingine ziliingia, nyakati nyingine zilichelewa, na anahangaika nazo kama mtu anayesubiri ng'ombe jike azae.

Safari ya Seoul haikuingia kabisa. Aliwaandikia. Wakamjibu atume bodingi pasi, kile kikaratasi cha kupandia ndege. Alikuwa amekitupa pamoja na maganda ya karanga, kwenye ndoo ya taka ya uwanja wa Mwanza. Akawatumia tiketi, akawatumia picha ya mihuri ya pasipoti. Jibu likaja lile lile, neno kwa neno. Kwenda Korea na kurudi kukapotea namna hiyo. Baada ya hapo kila kikaratasi alikifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akauweka kwenye kabati la vikombe, na mfagiaji akaonywa.

Katika muda huo macho ya Ma Kyomuhendo yakaanza kumsumbua. Mwanzo alilalamika kwamba Elpidius anawasha taa hafifu. Halafu akaanza kugonga mlango kwa bega. Siku moja hakumwona ndama aliyekuwa amesimama kando yake, akamkanyaga mguu. Benitha akampeleka kwa daktari wa macho. Daktari akampima, akawaambia ni presha ya macho, na kwamba imekwishakula uoni wake wa pembeni.

"Kilichopotea hakirudi," daktari alisema. "Hizi dawa za matone ni za kulinda kilichobaki. Mama asikose hata siku moja."

"Kitakaa muda gani?" Benitha akauliza.

"Siwezi kukwambia."

Wakiwa njiani kurudi, mama alikaa kiti cha mbele akitazama barabara iliyobaki kwake, ile ya katikati. Walipofika Nkwenda akasema, bila kumgeukia mwanawe, "Nikimwona Ninsiima mara moja inatosha. Sitaki kingine."

Benitha alikuwa amebakiza pointi za safari moja, labda mbili. Alimwomba meneja ampeleke maonesho yoyote. Meneja, ambaye si mtu mbaya, alimpa safari ya Milano iliyokuwa ya mtu mwingine. Na wakati huo huo walianza habari ya viza. Pasipoti ya mama ilipatikana. Ninsiima akatuma barua za mwaliko. Wakasubiri miezi mingi, hadi tukaacha kuulizana. Halafu viza ikatoka, ya kutembelea, yenye mwisho wake, na siku ile Benitha alikuja kazini amebeba mkungu wa ndizi mbivu akagawa kuanzia getini hadi ofisi ya mhasibu.

Pointi za Milano ziliingia. Zikawa zimefika kamili na kuzidi kidogo. Tulisimama nyuma yake mimi na wengine wawili alipofungua kompyuta ya ofisi kutafuta siku ya safari. Aliandika Entebbe, akaandika Toronto, akabonyeza. Ikaja kalenda yote ya kijivu.

"Maana yake nini?" nikauliza.

"Hakuna viti."

"Ndege nzima imejaa?"

"Vya kulipia vipo. Vya pointi hakuna."

Akajaribu mwezi uliofuata. Kijivu. Akampigia Theoneste, ambaye alimwambia asiwe na wasiwasi, viti vya pointi hutolewa kidogo kidogo, afungue kila asubuhi. Basi kila asubuhi, kabla hajaonja kikombe chochote, alifungua. Alipata siku moja ya kwenda bila ya kurudi. Siku nyingine akapata ya kurudi bila ya kwenda. Mara moja vilitokea vyote viwili, akaanza kuandika jina la mama yake kama lilivyo kwenye pasipoti, umeme ukakatika. Uliporudi vilikuwa vimechukuliwa.

Nilimwona siku ile akisimama dirishani, kijiko cha kuonjea bado kiko mkononi. Akarudi mezani akaonja mstari mzima wa sampuli, na maksi alizoandika zilikuwa sahihi.

Halafu ikaja ile barua ya kwenye simu. Ilianza kwa kumshukuru kwa kuwa mwanachama mpendwa. Ilisema klabu ya Mwezi inaboresha huduma zake. Kuanzia mwezi uliofuata, tiketi ya kutoka Afrika Mashariki kwenda Amerika ya Kaskazini ingehitaji pointi karibu mara mbili. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, ilisema urafiki wao na shirika la Korongo umefikia mwisho. Safari za Korongo hazitaandikwa tena kwao.

Aliisoma mara mbili, akanipa simu niisome mimi. Nilitafuta mahali penye nafuu, sikupaona.

"Zilizopo je?" nikamuuliza. "Si uzihamishie Korongo?"

"Hazihami. Theoneste aliniambia siku ya kwanza."

Alipiga namba yao ya huduma. Aliweka sauti kubwa ili mimi nikae kwenye mashine na bado nisikie. Muziki uliimba muda mrefu, kikombe kikapoa. Kisha akapokea kijana mpole sana, anazungumza Kiingereza kilichonyooka. Benitha naye Kiingereza anakijua, akamweleza kila kitu kwa utaratibu: mama ni mzee, macho yanaisha, viza ina mwisho wake, pointi zinatosha hadi mwisho wa mwezi huu tu, na viti havipatikani.

"Ninaelewa unavyojisikia, mama," akasema kijana. "Lakini mfumo hauniruhusu."

"Nani anaweza kuruhusu?"

"Ni mfumo, mama."

"Naomba basi kuzungumza na mkubwa wako."

"Mkubwa wangu naye anatumia mfumo huu huu." Halafu, kama mtu anayeona aibu, akaendelea na maneno aliyofundishwa. "Kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia leo?"

Benitha akamwambia hakuna, akamshukuru. Ndivyo alivyo. Alimshukuru.

Theoneste aliposikia alifunga duka akaja Kayanga kwa pikipiki, vumbi limemjaa kope. Alitaka kutoa pointi zake mwenyewe. Lakini zake zilikuwa Korongo, na Korongo haifiki Toronto, na sasa hata kwa Mwezi haikuwa na njia. Alikaa kwenye kiti changu, kofia ya pikipiki mapajani. "Ningekuambia Korongo," alisema. "Ningekuambia tu."

"Hata Korongo ningemfikishaje?" Benitha akamjibu. "Wewe hukukosea. Hata mimi sikukosea. Ndiyo maana sijui nimlaumu nani."

Ikabaki kununua tiketi kwa pesa. Elpidius, ambaye hajawahi kupenda kuuza ng'ombe, alisema mwenyewe kabla hajaombwa: atauza. Alichagua madume mazuri, akayatenga. Wiki aliyotaka kuyapeleka mnadani, ugonjwa wa miguu na midomo ukaingia, mifugo ikawekewa karantini, minada ikafungwa, hakuna ng'ombe kutoka wala kuingia. Nilikwenda kule siku moja kumwona mama, nikamkuta Elpidius amekaa juu ya boriti ya zizi, madume yake yanacheua mbele yake, yamenenepa. Alinikaribisha maziwa. "Yaangalie," aliniambia. "Hata wa kuja kuyaona hayupo."

Tulichanga kazini. Parokia nayo ilichangisha, na kilichopatikana kilikuwa cha kushukuriwa, lakini hakikufika hata nusu. Ninsiima alitaka kukopa kule. Benitha alimkataza, maana aliambiwa maombi ya ukazi yanaangalia na madeni ya mtu. Sijui kama ni kweli. Yeye hakutaka kujaribu.

Kuna wakati kilitokea kiti cha kwenda tu, kwa pointi alizokuwa nazo. Cha kwenda tu. Elpidius akasema mama aende, ya kurudi itatafutwa huko mbele. Benitha akauliza, akajibiwa kwamba mgeni asiye na tiketi ya kurudi anaweza kurudishwa uwanjani. Walikaa jioni yote kulizungumza, mama akiwa katikati yao. Mwishoni Ma Kyomuhendo akasema, "Nirudishwe mbele ya macho ya mwanangu, hapana. Aniite mama, na mimi nageuzwa kama mwizi? Hapana." Wakakiacha. Kesho yake kilikuwa hakipo.

Viza ikafika mwisho wake wakati wa mvua za vuli. Minada ilikuja kufunguliwa baadaye, bei ikiwa chini kwa kuwa kila mtu alileta ng'ombe kwa mpigo. Elpidius akayarudisha madume yake nyumbani. Kuomba viza upya kulikuwa kuanza tena mwanzo, na mara hii kulikuwa na swali ambalo hakuna aliyetaka kulitamka.

Kwa maana matone hayakutosha. Kufikia Krismasi Ma Kyomuhendo aliona mwanga na kivuli tu. Baada ya Kwaresima hata kivuli kikaondoka. Alijifunza boma lake upya kwa mikono. Aliwajua ng'ombe kwa pumzi na kwa namna wanavyotembea, na mke wa Elpidius aliniambia kwamba anasafisha vibuyu kama zamani, ila sasa anavinusa mara mbili.

Zile pointi zilibaki kwenye simu ya Benitha. Klabu ilimkumbusha kwamba zitaisha muda wake. Ilimpendekezea anunue sanduku la safari, au mashine ya kusagia matunda, lakini duka lao halikuleta mizigo Tanzania. Ilimpendekezea azitoe sadaka. Siku ya mwisho ilipofika alikuwa shambani kwangu Rugera tukichuma kahawa, simu ameiacha nyumbani. Nilimuuliza kama anakumbuka ni leo. Akasema anakumbuka, akavuta tawi lililofuata.

Mwezi huo Jumapili moja nilikuwa Isingiro, nimepeleka sukari na sabuni. Tulikuwa tumemaliza kula. Benitha akampigia Ninsiima, sura ikatokea, na kwa mazoea akaigeuza simu kuelekea kwa mama. Halafu akakumbuka. Mkono wake ukabaki hewani, hajui auweke wapi.

"Shikamoo, mama," Ninsiima akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bado, huku ni asubuhi."

Mama akanyoosha mkono akaipapasa simu, kioo chake, kingo zake, akairudisha. "Niambie una sura gani sasa," akasema.

Ninsiima hakuelewa. "Mama?"

"Sura. Uliondoka hapa msichana. Sasa una sura gani? Nieleze, mimi nasikia."

Elpidius akanyanyuka akatoka nje, akasimama huko ametugeuzia mgongo. Ninsiima alipoanza, alisema kama mtoto anayesoma mbele ya darasa. Nywele amezikata fupi, na mbele kuna mvi chache. Amenenepa, si sana. Chini ya macho pana weusi kwa sababu ya zamu. Kuna kovu dogo kidevuni, aliteleza kwenye barafu.

"Hukuniambia uliteleza."

"Sikutaka uhangaike."

"Endelea."

"Nikicheka, mama, watu wanasema meno yangu… Dada, ninafanana na nani nikicheka?"

Benitha akaiweka simu mkekani, mbele ya mama.

"Shangazi yako Sperancia," Ma Kyomuhendo akasema mwenyewe. "Tangu ukiwa mdogo. Na pua?"

"Pua ni ile ile, mama."

"Pua ya baba yako. Haya." Akakaa sawa kwenye mkeka, akakunja mikono mapajani, uso ameuelekeza ukutani ambako hakukuwa na mtu. "Anza tena, polepole. Anza na nywele."